Kubadilishwa kwa Masafa ya Redio za Zimamoto: Wajibu wa Karani

Jambo tunalotaka kulizungumza na wanachama wetu mara hii laweza kuonekana kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni kubadilishwa kwa masafa ya redio za Zimamoto. Wengine watauliza, Sisi makarani tunahusika nini na mawimbi ya hewani? Twajibu ya kwamba twahusika sana. Kwani fundi ndiye aigeuzaye mashine, lakini mwenye kuwaarifu watu ya kuwa mashine imegeuzwa ni karani.

Kwanza tueleze maana yake. Masafa ni kama njia ambayo sauti hupita hewani. Redio mbili zilizo katika njia moja husikilizana. Zikiwa katika njia mbalimbali, mmoja ataita hata koo limkauke na mwenziwe hatasikia neno. Njia hizo hazichukuliwi ovyo. Ulimwenguni hupangwa kwa mapatano ya Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa ulioko Geneva, na katika Tanzania hugawanywa na Mamlaka ya Mawasiliano iliyoanzishwa mwaka 2003. Njia zikisongamana, au majirani wakiingiliana, au vyombo vikichakaa, hapana budi kubadili. Marekani serikali iliamuru redio za namna hii, za polisi na za zimamoto na za wenye biashara, zitumie nusu ya upana wa zamani, yaani kutoka kilohezi 25 hadi 12.5, na siku ya mwisho ikawa 1 Januari 2013. Miji mikubwa ilipaswa kutii, na vijiji vyenye gari moja tu la kuzima moto vilipaswa kutii vilevile.

Hapa kwetu vikosi vya zimamoto vilikuwa zamani chini ya serikali za mitaa, kila kimoja na desturi zake. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ikaviunganisha kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Jeshi likiwa moja, yafaa sauti yake nayo isikike pote.

Sasa na tuitazame Kyela. Ziwa Nyasa na nchi tambarare iliyo kando yake vipo chini, mita mia tano hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kaskazini mwetu umesimama Mlima Rungwe, ambao ni karibu mita 3,000, na mashariki milima ya Livingstone yateremka hata ukingo wa maji karibu na Matema. Mawimbi yatumiwayo na redio za mkononi na za magari huenda moja kwa moja kama jicho lionavyo, wala hayawezi kuuzunguka mlima. Kwa hiyo mtu aliyeko Itungi hawezi kusikiwa Mbeya ila uwepo mtambo juu ya kilima upokeao sauti na kuirudia. Redio zote zikibadilishwa na mtambo huo ukasahauliwa, pwani nzima itakuwa bubu. Tena mto Songwe ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Karonga katika Malawi. Mawimbi hayasimami Kasumulu kuonyesha pasi. Basi hata jirani yatupasa kumwarifu.

Ziwa hili lenyewe limekwisha kuonyesha madhara ya habari isiyofika. Katika mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa mahali walipopaita Sphinxhaven, ambapo leo ni Liuli. Vita vilikuwa vimekwisha kutangazwa Ulaya. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, alikuwa amepata habari; nahodha wa Kidachi, Berndt, alikuwa hajapata. Rhoades akaja na meli yake Gwendolen akapiga mzinga, na Berndt akatoka kwa hasira kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Alipoambiwa ya kuwa kuna vita, alikuwa amekwisha kuwa mfungwa.

Mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya zamani, kabla ya vyombo vizuri. Tarehe 11 Septemba 2001 wazima moto 343 walikufa katika mji wa New York. Katika eneo la yale majumba mawili marefu mlikuwamo mtambo wa kurudia sauti, uliowekwa makusudi kwa kazi ya moto. Tume iliyochunguza msiba huo ilieleza ya kuwa kitufe kimoja cha kuuwasha mtambo huo kikamilifu hakikubonyezwa, na wakuu waliokuwa katika jumba la kaskazini walipoujaribu walidhani haufanyi kazi, wakauacha. Watu wengi waliokuwa juu hawakusikia amri ya kuteremka. Hatusemi ya kwamba kitufe kimoja kiliwaua wote. Zilikuwapo sababu nyingi. Lakini twaona ya kuwa hata katika mji wenye mali nyingi, chombo ambacho watu hawakuzoeshwa sawasawa ni sawa na chombo kisichokuwapo.

Lipo na jambo la tatu, nalo latugusa sisi watu wa majini. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba, ikiwa na watu 43. Kumi na tisa walikufa. Waliotangulia kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hivyo ndivyo itakavyokuwa hapa pia, kuanzia Matema hata mdomo wa Songwe: atakayeona moto melini au mtumbwi uliopinduka ni mvuvi, naye hana redio ya Serikali. Ana simu ya mkononi na nambari 114 ya Zimamoto. Basi masafa yabadilishwapo, aambiwe waziwazi ya kuwa nambari hiyo haikubadilika, asije akadhani vinginevyo na kunyamaza.

Ndugu wanachama, ni nani kati yetu asiyewahi kuona waraka ukilala katika trei ukingoja sahihi ya bwana aliye safarini? Waraka wa likizo ukilala, mtu atanung'unika. Waraka wa masafa ukilala, mtu ataita msaada katika njia ambayo hakuna amsikilizaye, huku paa likiwaka.

Kwa hiyo twaomba mambo manne. Kwanza, waraka wa namna hiyo utaje siku na saa ya kubadili, uandikwe kwa Kiswahili chepesi, nao upelekwe kwa mkono kwa kila kituo, na mpokeaji atie sahihi. Pili, njia ya zamani isifungwe siku ileile, bali awepo wa kuisikiliza kwa majuma machache. Tatu, siku ya kwanza kila kituo kiitwe kwa jina na kijibu, Itungi, Matema, Ipinda na Kasumulu, na majibu yaandikwe daftarini. Asiyejibu afuatwe siku hiyohiyo. Nne, polisi, hospitali, bandari na viongozi wa vijiji wapewe nakala, kwani moto haujui mipaka ya idara.

Kwa wakuu wetu twasema kwa heshima: msiyahesabu mabadiliko kuwa yamekwisha siku fundi anapofunga sanduku lake la vyombo. Yamekwisha siku mtu wa mwisho pwani aitapo akajibiwa.

Na kwa wenzetu wa mezani twasema: kazi yetu haina king'ora wala kofia ya chuma, na hakuna atakayetupigia makofi kwa waraka uliofika kwa wakati wake. Hata hivyo tuupeleke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko mezani petu.