Bendi Ikifungua Ziara, Mafansi Ndio Majaji: Lakini Sisi wa Makongeni Tunahukumu Nini?

Bendi ikifungua ziara, kesi yake husikizwa usiku huo huo. Kabla msee wa saundi amalize kukunja nyaya, simu zimeshajaa. Huyu anasema shoo ilikuwa moto wa kuotea mbali. Yule analia amekulwa doo. Mwingine amepost sekunde kumi na tano za korasi, mkono wa mtu ukiwa mbele ya kamera. Kufika asubuhi hukumu imetoka, na msee wa Makongeni Phase 10 ambaye hata hakukanyaga pale tayari ameamua kama atatafuta tiketi ya shoo inayofuata ama atalala.

Ni rahisi kusema hizo ni stori za mtandao tu. Zi! Piga hesabu. Kwa kijana wa Thika, gharama ya shoo haiishii kwa tiketi. Kuna mathree ya kwenda Nairobi, kama kilomita 45 hivi. Kuna maji na chipo ndani ya geti, mahali bei huwa imeruka ukuta. Halafu kuna gari ya kurudi saa tisa usiku, wakati nauli inategemea vile makanga ameamka. Kwa mtu wa kibarua huko viwandani, ama stude wa MKU anayeishi kwa mkopo wa serikali, hiyo ni ganji ya siku kadhaa. Ndiyo maana maoni ya wale waliotangulia ni kitu serious. Ni ushauri wa bure kwa watu wasio na pesa ya kubahatisha.

Swali ni, huo ushauri tunaopeana una maana? Ama tunapiga tu kelele?

Shoo ya kwanza si kama ya kumi

Anza na hii. Usiku wa kwanza wa ziara ndio bendi huwa haijatulia. Mpiga drami bado anasoma mwendo wa mwimbaji. Mpangilio wa ngoma haujajaribiwa mbele ya watu, na hakuna anayejua ni wimbo gani utaua nguvu ya ukumbi na gani utaamsha waliokaa. Fundi wa saundi anakutana na uwanja ambao hajawahi kuusikia ukiwa umejaa, na miili ya watu hubadilisha saundi kabisa. Ile besi iliyokuwa inatetemesha viti saa kumi jioni inaweza kumezwa ikifika saa nne usiku.

Lakini shoo hiyo hiyo, iliyo dhaifu kimpango, ndiyo ina nguvu kuliko zote kimaoni. Ndiyo inauza zile zingine zote, ama inazizika. Kwa hivyo bendi inahukumiwa siku ile haiko tayari, na hukumu inaifuata mpaka mwisho wa safari.

Angalia Sauti Sol. Walianza mwaka wa 2005, wakatoa *Mwanzo* 2008, na Mei 2023 wakatangaza kwamba wanapumzika kama kundi. Ziara yao ya kuaga ilizunguka Ulaya na Marekani Kaskazini kabla ya Sol Fest pale Uhuru Gardens, Novemba 2023. Fikiria hiyo kutoka macho ya fan wa Makongeni. Bien, Chimano, Savara na Polycarp ni watoto wa Nairobi, lakini shoo za mwanzo za kwaheri zilisikizwa kwanza na Wakenya wa majuu. Wewe ulipata vipande vya simu na maoni. Ulinunua tiketi ya Uhuru Gardens, ama ukaiacha, kwa kuamini macho ya watu ambao hujawahi kukutana nao. Mambo ndiyo hayo siku hizi.

Kuna watu walifanya hii kazi vizuri

Huko Marekani kuna bendi huitwa za kujamu. Wimbo wa dakika nne kwa rekodi unaweza kufika dakika ishirini stejini, kwa sababu magitaa yanaongea na hakuna anayejua yatatokea wapi. Baba yao ni Grateful Dead, walioanza California mwaka wa 1965. Wao hawakufukuza mafansi waliokuja na mashine za kurekodi. Mwaka wa 1984 waliwatengea kabisa sehemu yao ukumbini. Mafansi wakabadilishana tepu kwa posta, wakaandika tarehe, ukumbi na orodha ya nyimbo, halafu wakabishana miaka na mikaka ni usiku gani ulikuwa mkali. Shoo moja ya Mei 8, 1977, pale Chuo Kikuu cha Cornell, ilisifiwa hivyo mpaka Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye hazina yake ya rekodi za taifa.

Waliowafuata ni Phish, kundi lililoanza Vermont mwaka wa 1983. Mafansi wao huandika kila wimbo uliopigwa kila usiku. Bendi ikijua watu wanahesabu, haiwezi kulala. Mwaka wa 2017 Phish walipiga usiku 13 pale Madison Square Garden, New York, na hawakurudia wimbo hata mmoja. Huwezi kufanya hivyo kwa mafansi wanaokuja tu kupiga selfie.

Somo hapo ni fupi. Bendi hujenga kile mafansi wanakihesabu.

Na sisi kujamu tunakujua kitambo

Usidhani hii ni story ya wazungu. Benga ni kujamu. Gita la kwanza linafuata mwimbaji kama kivuli, halafu maneno yakiisha linapewa barabara peke yake na besi nyuma inaruka. Zamani za santuri ndogo, wimbo mmoja ulikatwa mara mbili: upande wa kwanza hadithi, upande wa pili moto. Wazee wetu walijua kugeuza santuri wakitafuta ule upande wa pili. Rumba ya Kongo nayo ina sebene yake, na Franco na TPOK Jazz walifanya Afrika Mashariki nzima ingojee ile dakika gita linafunguka.

Halafu kuna mugithi, ambayo hapa Thika haihitaji utangulizi. Neno lenyewe ni treni kwa Kikuyu, ndiyo maana watu hushikana mabega na kuzunguka ukumbi kama mabehewa. Msee mmoja na gita lake anaunganisha ngoma za Joseph Kamaru na za John De'Mathew bila kusimama, anaingiza majina ya walioko mezani, anapunguza mwendo, anauongeza. Anaweza kwenda saa nzima. Hakuna usiku mbili zinazofanana, na watu wanajua. Muulize shosh yeyote anayependa hizo ngoma, atakwambia nani anapiga gita na nani anapiga kelele.

Yaani masikio tunayo. Kitu imepotea ni ile tabia ya kuyatumia tukiandika.

Tunachohukumu siku hizi

Soma maoni baada ya shoo yoyote kubwa ya Nairobi utaona makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la geti: lain ilikuwa ndefu, vyoo vilikuwa vichafu, msanii alichelewa, watu walisukumana. Haya ni malalamiko halali kabisa na yasinyamazishwe, kwa sababu mtu akiumia getini hakuna gita litakalomponya.

Kundi la pili ni la sura: nani alivaa nini, nani alikuja na nani, nani amenenepa. Hii ni burudani, sawa, lakini haimsaidii mtu anayefikiria kununua tiketi.

Kundi la tatu ni la muziki wenyewe, na hili ndilo dogo kuliko yote. Ni wachache wanaosema kama bendi ilipiga kweli ama mwimbaji alikuwa anaimbia juu ya CD. Ni wachache wanaosema ngoma ngapi zilipigwa, na kama dakika tisini ziliahidiwa zikapatikana arubaini.

Simu imechangia. Kipande cha video kinataka korasi, kwa hivyo fan anarekodi korasi na kuweka simu mfukoni gita likianza kufunguka. Msanii naye si mjinga. Akiona korasi ndiyo inayozunguka mtandaoni, atauliza kwa nini alipe watu wanane wa bendi wakati flashi moja na dije zinatosha. Mpiga besi anakosa kazi hapo. Mpiga tarumbeta anarudi kuchezea harusi. Halafu mwaka ujao sisi wenyewe tunalia eti shoo za Kenya zimekuwa karaoke.

Inawezekana tukabadilika. Nyashinski alipoleta Showman Residency pale Carnivore mwaka wa 2025, aliweka dau kwamba Mkenya atarudi kwa msanii yule yule, ukumbi ule ule, kwa usiku zaidi ya mmoja. Mpango kama huo hauwezi kusimama kama usiku wa kwanza haujawapa watu kitu cha kusimulia. Unasimama juu ya mdomo wa fan.

Makongeni iko wapi kwa hii lain?

Tuseme ukweli. Ziara za bendi kubwa zikipangwa, Nairobi ndiyo mlango, kisha Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret. Thika tunaambiwa tuko karibu, tukuje tu na superhighway. Barabara ilifunguliwa 2012 na imefanya mji uwe chumba cha kulala cha Nairobi hata kwa burudani. Ukumbi wa kweli wenye saundi ya kweli kwa bendi nzima ni shida. Kwa hivyo Makongeni tunabaki na mugithi ya wikendi, madije, na msanii mkubwa anayekuja klabu saa saba usiku kuimba ngoma tatu juu ya CD na kutoweka.

Na hiyo barabara si ya mchezo usiku. John De'Mathew mwenyewe alifariki usiku wa Agosti 18, 2019, kwenye ajali karibu na Blue Post, hapa hapa Thika, akitoka kwenye harambee. Wanamuziki na mafansi wanatumia lami moja, saa zile zile, wote wakiwa wamechoka. Kila shoo inayokataa kuja Thika inapeleka mamia ya vijana kwa hiyo lami saa tisa usiku. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kudai shoo nyumbani.

Lakini promota haji kwa sababu ya huruma. Anakuja akiona namba na sauti. Akisoma kwamba mafansi wa Thika walikaa mpaka dakika ya mwisho ya sebene, walitaja mpiga gita kwa jina na kulalamikia besi iliyopotea, ataelewa hapa kuna watu wa bendi. Akisoma emoji za moto pekee, ataleta dije.

Ukienda shoo ya kwanza, shika haya

Moja, saa. Iliandikwa waanze saa ngapi, na walipanda saa ngapi?

Mbili, mikono. Angalia vidole vya mpiga gita na vijiti vya drami. Mwimbaji akipumua na sauti bado inaendelea, hiyo ni CD, bana.

Tatu, orodha. Andika ngoma zilizopigwa, hata kama ni kwa noti za simu. Itasaidia watakaoenda shoo ya tatu kujua kama bendi imekua ama inarudia tu.

Nne, ile dakika ya kufunguka. Kulikuwa na mahali bendi iliacha rekodi na kwenda safari yake? Rekodi hapo, si kwa korasi.

Tano, kutoka. Geti za kutokea zilikuwa wazi? Gari zilikuwepo? Mresh aliyekuja peke yake angefika nyumbani salama?

Ukiandika hayo usiogope. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na habari za kumwezesha kufaidika nayo. Tiketi ni mkataba, si sadaka. Ila sema ulichoona. Kuna wasee wanakula kwa hiyo bendi. Ukiandika "wameibiwa stejini" na wewe uliondoka ngoma ya pili, umemharibia mpiga kinanda ambaye hata hajalipwa bado.

Mpe pia usiku wa kwanza haki yake. Makosa ya saundi ya shoo ya kwanza yanarekebishika kufika ya tatu. Uvivu haurekebishiki, wala kuchelewa saa tatu bila kuomba msamaha. Tofautisha hayo mawili, na ukisikia shoo ya nne imebadilika, rudi useme.

Kuna bendi itafungua ziara mwezi ujao, na nyingine baadaye. Bango litasema Nairobi, kama kawaida. Mbogi ya Makongeni ikienda, iende na masikio, irudi na maneno ya maana. Huenda siku moja bango liandike Thika kwanza, na wa Nairobi ndio wapande mathree kuja kwetu.