Daktari wa Lodwar ni wa Kakuma pia

SHERIA ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 ilinuia kuimarisha zahanati na vituo vya afya ili hospitali kubwa zipunguziwe mzigo. Katika Kaunti ya Turkana, utekelezaji wake unategemea swali moja: je, daktari ni wa hospitali anakofanya kazi, au ni wa wote wanaoitegemea?

Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, serikali za kaunti ndizo huwaajiri madaktari wa hospitali zao. Nyingi za zahanati za mashambani husimamiwa na wauguzi na matabibu, huku wagonjwa mahututi wakipelekwa Hospitali ya Rufaa mjini Lodwar. Kutoka Kakuma, safari hiyo ni takriban kilomita 120. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, umbali huo waweza kumgharimu uhai.

Hata hivyo, kuwatawanya madaktari vijijini si suluhisho. Daktari wa upasuaji hawezi kufanya lolote pasipo chumba cha upasuaji, damu na mtaalamu wa nusukaputi. Linalofaa ni timu ya Lodwar kuwa na ratiba ya kuzuru vituo vya chini, kuwashauri matabibu kwa simu na kuwaarifu kuhusu kila mgonjwa waliyempa rufaa. Majukumu hayo yaandikwe katika mikataba ya kazi, pamoja na marupurupu na usafiri. La sivyo, yatategemea hisani ya daktari.

Kakuma ni mtihani mgumu zaidi. Tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992, hospitali na zahanati zake zimeendeshwa na mashirika ya misaada, na wenyeji wakanufaika pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahudumu waliolipwa na wafadhili walikuwa nje ya orodha ya waajiriwa wa kaunti. Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake mwaka 2025, hatari ya utaratibu huo ilidhihirika.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuwajumuisha wakimbizi katika huduma za serikali. Kuhamisha majengo ni rahisi. Kuwahamisha wahudumu bila kupunguza mishahara yao wala kuzua kinyongo kwa wenzao wa kaunti ni kazi nyingine. Mgomo wa madaktari wa siku 100, uliomalizika Machi 2017, ulionyesha gharama ya mizozo ya aina hiyo.

Kwa hivyo, kabla ya mashirika kuondoka, kaunti inapaswa kuandaa orodha moja ya wahudumu wa Lodwar na Kakuma, wakiwemo wa hospitali za misheni, na kubainisha nani atamlipa nani. Bila hilo, mtandao ulioahidiwa na sheria utabaki kwenye makaratasi, na mgonjwa wa Kakuma ataendelea kuisubiri barabara ya Lodwar.