Kambi ipi ifungwe, ipi ibaki? Mtihani wa Marekani

Mwezi Mei 2005 Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo, Donald Rumsfeld, alitoa orodha ya kambi kubwa 33 ambazo wizara yake ilitaka zifungwe. Miongoni mwazo zilikuwamo mbili za jeshi la anga: Ellsworth, katika jimbo la South Dakota, na Cannon, katika jimbo la New Mexico. Kambi zote mbili zingali zinafanya kazi hadi leo.

Tatizo la Marekani katika suala hili ni la siku nyingi. Wabunge wengi hukubali kwamba jeshi lina viwanja na majengo kuliko linavyohitaji, lakini kila mmoja huona ziada hiyo iko katika jimbo la mwenzake. Sheria ya mwaka 1977 ilizidi kuifanya kazi hiyo kuwa ngumu, na kwa muda wa miaka kumi hivi hakuna kambi kubwa iliyofungwa.

Ndipo mwaka 1988 ulipobuniwa utaratibu wa tume huru. Tangu mwaka 1990 utaratibu wenyewe ni huu: wizara hupendekeza, tume huchunguza na kusikiliza wananchi, kisha Rais na Bunge huikubali orodha nzima au kuikataa nzima. Hakuna mwanya wa kuchomoa kambi moja ili kumridhisha mtu. Orodha za mwaka 1988, 1991, 1993 na 1995 zilipita kwa njia hiyo.

Kuhusu Ellsworth, wizara ilitaka ndege za mabomu aina ya B-1 zihamishiwe Dyess, jimboni Texas. Kwa mji jirani wa Rapid City hilo lilikuwa tishio kwa ajira, maduka na shule. Hata hivyo, hoja iliyokuwa na uzito zaidi mbele ya tume haikuwa huruma. Tume, chini ya mwenyekiti wake Anthony Principi, iliona kwamba wanajeshi wangehamishwa tu, na mishahara yao ingeendelea kulipwa kwingineko. Akiba iliyoahidiwa ingeyeyuka, na ndege zote za aina hiyo zingerundikwa mahali pamoja. Mwezi Agosti 2005 tume iliamua Ellsworth ibaki. Cannon ilipewa muda wa kutafutiwa kazi nyingine, na mwaka 2007 ikakabidhiwa kikosi maalumu cha jeshi la anga.

Yaliyofuata yaliipa nguvu hoja ya tume. Mwaka 2012 wakaguzi wa serikali walieleza kuwa gharama za kutekeleza maamuzi ya 2005 zilipanda kutoka dola bilioni 21 hadi bilioni 35, huku akiba iliyotarajiwa ikipungua mno. Nayo Ellsworth ilichaguliwa mwaka 2021 kuwa kituo kikuu cha kwanza cha ndege mpya za mabomu, B-21.

Lakini funzo hilo lina upande wa pili. Mwaka 2017 wizara ilikadiria kuwa asilimia 19 ya uwezo wa kambi zake ni ziada, ikaomba tume nyingine, Bunge likakataa. Kuikosea kambi moja ni hasara, kwa kuwa njia ya kurukia iliyotelekezwa si rahisi kuirejesha. Kuogopa kuamua nako ni hasara, ila bili yake hugawanywa kwa walipa kodi wote kimya kimya, na hakuna mji unaoandamana kuipinga.