Gari lako linauza sura au linauza pilau?

Leo naomba mapenzi tuyaweke kando kidogo (najua mtanuna) tuongee mshiko. Siku hizi Dar kila gari la biashara limevaa stika: la keki, la fundi friji, la maji ya kunywa. Mengine bomba. Mengine huelewi linauza nini, unachoona ni mwenye biashara kacheka, meno yote nje. Hapo gari linauza sura.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu anapika chakula cha maofisini na cha shughuli. Zamu yake ya mchezo imefika, na hela yote anataka aivalishe Noah anayobebea vyakula, kuanzia boneti hadi buti, na picha yake kashika sinia ubavuni. Noah yenyewe si yake. Iko kwenye mkataba, kila wiki anapeleka hesabu. Nikamwambia dada'ngu, ngoja kwanza.

Stika si aina moja, jamani. Kuna nyembamba, mikroni 50 hivi, ambayo kiwandani inamwagwa ikiwa uji, halafu inakauka bila kuvutwa. Hiyo inakaa kwenye mikunjo ya gari kama ngozi. Na kuna nene kidogo, inayosukumwa kama chapati. Bei yake rahisi, lakini haisahau kwamba ilivutwa: ikipigwa jua inataka kurudi ilikotoka, kingo zinajikunja, kwenye mabonde inabanduka. Mahali palipo bapa haina neno. Kwa hiyo ukitajiwa "gari zima" kwa bei ya kutupa, uliza ni ipi.

Halafu boneti na paa ndivyo vinavyopigwa na jua la utosini, ndivyo vinavyowahi kufifia. Na paa asome nani, kunguru? Hela hiyo ipeleke nyuma. Sisi wa Dar tumekua tukisoma maandishi ya nyuma ya daladala, macho yanajua njia. Mtu aliyekwama kwenye foleni ya jioni ya kwenda Mbagala hana pa kutazama zaidi ya buti lako. Hapo weka unachouza na namba ya simu, kubwa. Basi. Usimwandikie menyu nzima na aya ya dini juu yake.

Ubavuni gari linapita kama upepo, mtu anawahi maneno mawili matatu tu. Na kwa vile tunaendesha kushoto, ubavu wa kushoto ndio unaotazama vituo na waenda kwa miguu. Kama hela haitoshi pande zote, lipia huo kwanza. Ila mlango wa Noah wa kuteleza unaweza kukuumbua: ukifunguliwa unafunika ubavu wa nyuma. Umeandika MPISHI WA HARUSI, ukifungua kushusha sufuria, HARUSI imemezwa, limebaki MPISHI WA. Wa nani sasa?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni ule mkataba. Mwenye gari akilitaka gari lake mwezi ujao, stika ya dada inakwenda nalo, au inabanduliwa. Kwenye rangi ya kiwandani, stika nzuri inatoka taratibu kwa joto. Lakini Noah ile iliwahi kugongwa, mlango mmoja umepigwa rangi gereji. Rangi isiyoshika sawasawa inang'oka pamoja na stika, na mwenye gari hatakubali kulipia hilo. Ruhusa yake iwe kwenye karatasi, si ya kwenye simu. Tena kadi ya gari imeandikwa rangi nyeupe. Ukiligeuza lote jekundu, jiandae kujieleza kwa trafiki. Na halmashauri nako uulizie ushuru wa matangazo kabla hujachapa, siyo baada.

Mimi ningemwekea nyuma na ubavu wa kushoto, mlango wa gereji tusiuguse, na hela inayobaki anunue masufuria. Alichouliza ni kimoja tu: "Na sura yangu?" Nikamwambia sura iko WhatsApp. Kanuna mpaka leo.

Nanyi mkienda kwa fundi, ulizeni kama stika inafunikwa na plastiki angavu ya kuukinga wino, na inafunikwa lini. Wino mwingi wa mashine hizo una dawa inayotakiwa iyeyuke kwanza, kama siku nzima, ndipo ufunikwe. Ukiufunika mbichi, gundi inalegea na mapovu yanaanza. Fundi akikwambia nenda kanywe chai urudi baada ya saa moja uchukue gari, we kanywe chai, gari ondoka nalo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, meseji zenu zimejaa.