Amri Fupi kwa Vijana

Ndugu msomaji wa Masisi na Walikale, mafuta ya jenereta ni ya bei, batri ya sola nayo inaisha mbio. Basi usipoteze dakika mbele ya kompyuta. Katika terminali ya Linux, andika mwanzo wa jina la faili, kisha finya Tab: mashini itamalizia. Mshale wa juu unarudisha amri ya nyuma. Kutafuta mwanafunzi katika orodha zote, andika: grep -i Bahati *.txt

Lakini angalia rm! Haitupi kitu katika pipa, inafuta kabisa. Andika rm -i, itakuuliza kwanza. Orodha ya minerval ikipotea, mtoto wa sekondari aliyelipa atafukuzwa bure, na jasho la baba yake kule machimboni litapotea pamoja nayo.