Paa la Jengo si Letu Peke Yetu

Masika ikikaribia Dar es Salaam, watu wengi huwaza foleni na maji ya Jangwani. Sisi tunaokaa ghorofa za juu kabisa, Upanga, Kisutu na Kariakoo, tunawaza dari. Tunatoa mabeseni, tunavuta vitanda katikati ya chumba, tunafunga vyeti vya watoto kwenye mifuko ya nailoni na kuvihifadhi kwa jirani wa ghorofa ya pili. Wenye taa zinazodondosha maji huzima meinswichi na kulala gizani, maana maji yakishapenya kwenye slabu hufuata mabomba ya nyaya za umeme, na shoti haipigi hodi.

Tumechoka, na tunasema kwa pamoja kwa sababu kila tukisema mmoja mmoja tunaambiwa tuna visirani.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 400, ambalo kwa majengo yetu si kubwa, likinyeshewa milimita 50 usiku mmoja limepokea lita 20,000. Paa bapa la zege linatakiwa liwe na mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili maji hayo yakimbilie kwenye mabomba ya kushushia. Panda ukaangalie. Mteremko umeshafukiwa na viraka vya miaka mingi, na midomo ya mabomba imezibwa na majani, mifuko na mifupa iliyoletwa na kunguru. Maji yanatuama siku nzima. Mchana jua linachoma slabu inatanuka, jioni mvua inaipoza ghafla inajikunja, na nyufa zinafunguka hasa pale slabu inapokutana na ukuta mfupi wa pembeni. Maji yanapita hapo hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, na zege linapasuka kutoka ndani. Upepo wa bahari wenye chumvi unaharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana kwetu tatizo haliishii kwenye madoa ya rangi ya chai na ukungu unaowaamshia watoto pumu. Vipande vya zege vinaanguka, na vinaangukia vitanda.

Sasa tuulizane, nani anatumia paa hilo? Simtanki za jengo zima ziko juu, na kila inayofurika inamwaga maji palepale. Madishi ya ghorofa zote yamefungwa kwa bolti zilizotoboa slabu. Mafundi wa viyoyozi wanapanda bila kumwambia mtu, wanatoboa, wanashuka. Kuna majengo yanayopokea kodi ya mnara wa simu uliosimama juu ya vichwa vyetu, na senti ya kodi hiyo haijawahi kununua hata debe moja la lami. Lakini mchango wa ukarabati ukiitishwa, mwenye duka la chini anasema, "Ndugu zangu, mimi kwangu hakuvuji." Wa ghorofa ya kwanza naye anasema hivyohivyo. Tunabaki sisi wa juu tukichangishana kana kwamba paa ni sehemu ya sebule zetu.

Tumeona pia yanayotokea maji yakichelewa kuzuiwa. Yanashuka ghorofa kwa ghorofa kwa kufuata mabomba na nyufa, na siku yakilowesha stoo ya duka la chini, fundi anapatikana siku hiyohiyo. Hilo linatuuma kuliko maji yenyewe.

Kwa wasimamizi wa majengo tuna jambo. Mama mtu mzima anapanda ngazi na kushuka, mvua inanyesha, anaomba mtu aje aangalie, anajibiwa, "Vumilia mama, mvua ikinyesha hakuna kinachofanyika." Kweli, lami haishiki kwenye zege lenye maji. Basi anarudi kiangazi kilipoingia, anaambiwa, "Si unaona pamekauka?" Kati ya majibu hayo mawili mwaka unakwisha, na vuli inatukuta tulipoachwa na masika.

Wengi wetu hatujui kwamba sheria imelitaja paa kwa jina. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, ni juu ya mpangishaji kuweka paa, kuta kuu na mifereji mikuu katika hali nzuri. Na kwa walionunua, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawafanya wenye sehemu zote kuwa wamiliki wa pamoja wa maeneo ya wote, kupitia chama chao. Kwa hiyo hoja ya "kwangu hakuvuji" haina mahali pa kusimama. Lakini mpangaji anapewa mkataba ulioandikwa kwamba matengenezo yote ni juu yake, anasaini kwa sababu funguo anazihitaji jioni ileile, na majengo mengi hayana chama kinachokutana, wala daftari la mapato na matumizi ambalo mkazi anaweza kulifungua.

Na kazi inapofanyika, inafanyika vibaya. Fundi anafagia juujuu, anamwaga lami juu ya vumbi, anachukua hela yake. Mwingine anashauri sakafu mpya ya saruji juu ya ile ya zamani. Sentimita 5 za sakafu juu ya mita za mraba 400 ni mita za ujazo 20, uzito wa zaidi ya tani 40 tunazobebeshwa juu ya nondo zilizokwisha kuliwa. Hatuwalaumu mafundi wote. Wapo wanaobandua tabaka za zamani hadi zege, wakaziba nyufa, wakarudisha mteremko, kisha wakapandisha tabaka la kuzuia maji kwenye ukuta wa pembeni hadi sentimita 15. Hao ni ghali, na kamati zetu huchagua bei ya chini kila mwaka, hadi jumla ya bei za chini inaizidi ile ya fundi wa kweli.

Tunachotaka kinajulikana. Mabomba ya kushushia yazibuliwe Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Mlango wa paani uwe na kufuli, na anayetaka kutoboa aandike jina na alipie kuziba. Kila sehemu ya jengo, duka likiwemo, ichangie mfuko wa paa kila mwezi kwa kadiri ya ukubwa wake, risiti zibandikwe ukutani pale kwenye ngazi, na kodi ya mnara iingie humo. Fundi akimaliza, mabomba yazibwe, paa lijazwe maji lilale nayo saa 24, nasi wa juu tukae ndani tukiangalia dari. Dari ikibaki kavu, alipwe malipo yake ya mwisho. Ikilowa, arudi juu.