Kabla ya Kupeleka Gunia Kituoni, Ulizeni Nyumbani

Ikikaribia Krismasi au Pasaka, makanisa mengi ya Tanzania na Kenya hufanya jambo moja. Kwaya, vijana au akina mama huchanga fedha, hukodi gari, hupakia mchele, mafuta ya kupikia na miche ya sabuni, kisha huelekea kituo cha watoto yatima. Watoto huimba, mchungaji huomba, zawadi hukabidhiwa, picha hupigwa. Nia ni njema, na watoto wale hula kweli. Ninachokipinga ni imani iliyo nyuma ya safari hiyo: kwamba yatima yuko kituoni, na kwamba kumhudumia ni kumfikishia gunia mlangoni.

Wengi wa watoto wanaolelewa kwenye vituo vya namna hii duniani wana mzazi aliye hai, mmoja au wote wawili. Mara nyingi kilichowatoa nyumbani ni umaskini. Tanzania ilifuta ada katika shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na chakula bado hutoka mfukoni mwa mzazi. Mjane anayeuza mchicha sokoni anasikia kwamba kituo kinasomesha, kinalisha na kutibu. Anampeleka mtoto mmoja ili wengine wapate pumzi. Nani amlaumu? Msaada wote ameuona ukielekea kule, na huenda mama huyo husali kanisani kwetu kila Jumapili.

Gharama ya uamuzi ule haionekani siku ya zawadi. Inaonekana kijana anapofikisha miaka 18 na kutakiwa kuondoka. Ana cheti cha shule, pengine na Kiingereza kizuri. Lakini hajui mpaka wa shamba la marehemu baba yake unaishia wapi, na baba mdogo aliyelichukua hamtambui. Lugha ya bibi yake haielewi. Akitaka kuoa, nani atapeleka posa? Akifiwa na mtoto, nani atakesha naye msibani? Kwetu mtu husimama kwa sababu ana watu nyuma yake, na watu hao hawanunuliki kwa mchango wa Krismasi. Hujengeka taratibu, kwa kula pamoja, kutumwa dukani, kugombezwa na shangazi na kwenda kijijini kuzika.

Wapo wanaosema kuuliza maswali mengi kabla ya kutoa ni upungufu wa imani: mkono utoe, Mungu ndiye ajuaye. Hoja hii inasikika ya kiroho, ila Paulo hakufanya hivyo. Katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, anataka ijulikane ni mjane yupi mwenye watoto au ndugu wa kumtunza, na anawaambia ndugu hao wawajibike kwanza, ili kanisa liweze kumsaidia yule asiye na mtu kabisa. Na Wayahudi wa Kiyunani walipolalamika kwamba wajane wao wamesahaulika katika mgawo wa kila siku kule Yerusalemu, mitume walielekeza wachaguliwe watu saba wenye hekima wa kusimamia jambo hilo. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na mimi naona hapo waliolalamika walisikilizwa kweli.

Sisemi vituo vifungwe kesho. Mtoto aliyeokotwa jalalani, au anayepigwa na kunajisiwa nyumbani, anahitaji kitanda salama usiku huohuo, na wapo walezi wa vituo waliotoa maisha yao yote kwa watoto kama hao. Nawaheshimu. Lakini kituo kiwe mahali pa kupitia wakati ndugu wanatafutwa, au familia nyingine ya kumlea inaandaliwa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017. Rwanda, iliyobaki na yatima wengi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwarudisha watoto wa vituoni kwenye familia. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kubisha hodi nyumbani, tena na tena, baada ya mtoto kurudi. Kanisa lenye jumuiya kila mtaa linaweza kuifanya vizuri kuliko ofisi yoyote.

Basi ninyi mnaopanga safari ya Desemba hii, msikodi gari kwanza. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata na kwa viongozi wa jumuiya zenu, mkawaulize ni familia ipi iko karibu kumtoa mtoto. Mkifika kwa bibi anayelea wajukuu, kaeni chini, mwacheni aseme mwenyewe kinachomshinda. Kama ni sare, nunueni sare. Kama ni mtaji wa genge, mpeni mtaji. Na mwezi wa pili mrudi kumwona, hata kama hakuna sikukuu.